Pumzi ya Askari Mstaafu ni Dhamana ya Nani?

Katika mji wa Juba upo mtaa mkongwe uitwao Malakia. Jina hilo lina asili ya Kiarabu, nalo lilitumika katika miji ya ngome za Sudan kuutaja mtaa wa raia uliokaa ubavuni mwa kambi ya askari. Humo waliishi wake na watoto wa askari, wafanyabiashara wadogo wadogo, na askari waliokwisha kumaliza muda wao wa utumishi. Watu wa mitaa ya namna hiyo ndio waliokikuza Kiarabu cha Juba. Na ndugu zao waliovuka mipaka pamoja na majeshi ya zama zile ndio chimbuko la Wanubi wa Bombo nchini Uganda na wa Kibera jijini Nairobi. Basi mtu atakaye kujua askari huwa nani baada ya kuvua sare, Malakia ni mahali pazuri pa kutazama.

Mazungumzo ya leo yanamhusu askari huyo aliyevua sare. Si mtu fulani mwenye jina, bali ni mfano, na mfano huu unaweza kutokea katika familia yoyote ya wanajeshi au polisi. Mzee huyo amefika umri wa miaka 58. Alianza kwa kuangusha kikombe cha chai. Baadaye vifungo vya shati vikamshinda. Mguu mmoja ukaanza kuburura, nyama za mkono zikanywea, na chini ya ngozi misuli ikawa inachezacheza yenyewe bila kuamrishwa. Baada ya mwaka mmoja ulimi ukawa mzito, naye akawa anapaliwa na maji. Sasa hawezi kulala chali. Hulala ameketi, ameegemea mito, na asubuhi huamka akiumwa na kichwa. Akili yake ni timamu. Anawatambua wajukuu wake wote, na habari za redio anazifuata kama zamani.

Swali la kujiuliza ni hili: pumzi ya mzee huyo itakapokwisha nguvu, je, awekewe mashine ya kupumulia? Na akiwekewa, nani ataketi kando yake usiku na mchana kuilinda mashine hiyo?

Ugonjwa wenye dalili hizo ni maradhi ya mishipa ya fahamu iendeshayo misuli. Daktari Jean-Martin Charcot wa Paris ndiye aliyeufafanua aina yake iliyo mashuhuri zaidi mwaka 1869. Katika mwili wa binadamu, amri ya kusogea hutoka katika ubongo, hupita katika uti wa mgongo, kisha hufikishwa kwenye misuli na mishipa maalumu. Katika maradhi haya mishipa hiyo hufa kidogo kidogo. Ni sawa na kikosi kilichokatika mawasiliano: kamanda yupo, nao askari wako mahali pao, lakini amri haifiki. Misuli isiyopata amri hudhoofika na kukauka. Moyo huendelea kupiga; macho na masikio mara nyingi hubaki salama; na kwa wagonjwa wengi fahamu haiharibiki, ingawa wako ambao ugonjwa hugusa pia tabia na fikira zao. Mwisho hufikiwa misuli ya kupumua, na hasa ule mkubwa ulio chini ya mapafu.

Ugonjwa huu si wa watu wengi. Katika nchi za Ulaya, ambako hesabu zimewekwa kwa muda mrefu, hupatikana wagonjwa wapya wapatao 2 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Wengi wao huishi kati ya miaka 2 na 5 tangu dalili za kwanza, ingawa wako wanaoishi zaidi. Hauambukizi, wala si laana ya ukoo, japokuwa katika sehemu ndogo ya wagonjwa huonekana kurithiwa. Hakuna dawa ya kuuponya. Dawa iitwayo riluzole, iliyoruhusiwa nchini Marekani mwaka 1995, huongeza maisha kwa miezi michache tu.

Ndugu wasikilizaji, ni vema askari na polisi wakaelewa jambo moja mapema. Mtu anayeanza ugonjwa huu huonekana kama mwenye makosa. Askari anayeangusha bunduki katika gwaride anaweza kushtakiwa kwa uzembe. Dereva ambaye ulimi wake umekuwa mzito na miguu yake inayumba anaweza kukamatwa barabarani kwa kudhaniwa kuwa amelewa. Kabla ya adhabu, hapana budi daktari amtazame. Na tena, zipo hali nyingine zinazofanana na hii ambazo hutibika: uti wa mgongo uliobanwa, upungufu wa vitamini fulani, sumu ya risasi ile ya madini, na maradhi mengine ya misuli. Kumhukumu mtu kuwa haponi kabla ya kupimwa ni kosa sawasawa na kumhukumu kuwa mlevi.

Sasa tufike kwenye mashine yenyewe. Mashine ya kupumulia haitibu chochote. Kazi yake ni kusukuma hewa iingie mapafuni pale ambapo misuli imeshindwa, kisha kuiacha itoke. Ziko njia mbili. Njia ya kwanza ni barakoa inayofungwa puani au puani na mdomoni, hasa usiku. Uchunguzi uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2006 ulionyesha kwamba wagonjwa wa maradhi haya ambao koo na ulimi wao haukuwa umedhoofika sana waliishi takriban miezi 7 zaidi walipotumia barakoa hiyo, tena wakilala vizuri zaidi. Njia ya pili ni kutoboa koo na kuingiza mrija, ambapo mashine hupumua badala ya mgonjwa saa zote 24. Kwa njia hii mtu anaweza kuishi miaka mingi. Lakini ugonjwa hausimami. Mikono, miguu, sauti, na kwa baadhi hata macho, huendelea kupotea huku pumzi ikiendelea.

Hapa pana hatari ambayo watu wengi hawaijui. Mgonjwa wa namna hii akihema kwa shida, jamaa hukimbilia kutafuta mtungi wa oksijeni. Upungufu wake mkubwa, hata hivyo, ni wa mwendo wa pumzi: hewa chafu haitoki vya kutosha. Oksijeni peke yake, ikitolewa bila uangalizi, yaweza kumlaza usingizi ambao haamki.

Historia ya mashine hizi ina funzo kubwa kwa watu waliozoea maisha ya kambi. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen nchini Denmark ulipatwa na mlipuko mkubwa wa polio. Katika hospitali ya Blegdam waliingizwa wagonjwa ambao misuli yao ya kupumua ilikuwa imepooza, na hospitali ilikuwa na pipa moja tu la chuma la kupumulia, pamoja na vifaa vidogo 6 vya kufunika kifua. Katika wiki za mwanzo, wagonjwa wengi mno wa namna hiyo walifariki. Mwezi Agosti mwaka huo kwa maelekezo ya daktari Bjørn Ibsen msichana wa miaka 12 alitobolewa koo, akaingizwa mrija, na kupuliziwa hewa kwa mfuko wa mpira uliobanwa kwa mkono. Msichana yule akaishi.

Lakini mfuko wa mpira haujibani wenyewe. Waliitwa wanafunzi wa udaktari, wapatao 1,500 kwa jumla, wakapangwa kwa zamu. Kila mmoja aliketi kando ya kitanda, akabana na kuachia, akabana na kuachia, saa baada ya saa, mpaka mwenzake alipofika kumpokea. Vifo vikashuka kutoka karibu wagonjwa 9 katika kila 10 hadi takriban 1 katika kila 4. Kutokana na kazi ile ya mikono ndipo vilipozaliwa vyumba vya wagonjwa mahututi vilivyopo leo duniani. Kilichowaokoa watu wale kilikuwa zamu iliyopangwa na kutimizwa, jambo ambalo kila askari aliyewahi kushika lindo analielewa.

Hata hivyo, ni lazima kutofautisha. Wengi wa wagonjwa wale walihitaji pumzi ya kuazimwa kwa majuma kadhaa, kisha misuli yao ikapata nafuu. Ndivyo ilivyo pia kwa askari aliyeumwa na koboko au fira akiwa doria, kwa mkulima aliyevuta dawa ya wadudu, kwa mgonjwa wa pepopunda, na kwa kijana aliyepooza ghafla kuanzia miguuni baada ya homa. Kwao mashine ni daraja: wanavuka, kisha wanakwenda zao. Kwa mgonjwa wa mishipa ya mwendo, mashine ya kooni ni nyumba. Akiingia hatoki, na nyumba hiyo yahitaji mlinzi daima.

Je, Juba ilikuwa na madaraja mangapi? Ugonjwa wa Korona ulipothibitishwa nchini Sudan Kusini mwezi Aprili mwaka 2020, iliripotiwa kwamba nchi nzima, yenye watu wapatao milioni 11, ilikuwa na mashine za kupumulia 4. Hiyo ilikuwa nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Julai, 2011, na iliyopitia vita vya ndani kuanzia Desemba 2013. Mwezi Novemba mwaka 2019 mji wa Juba ulizinduliwa kituo cha umeme cha megawati 33, nayo ilikuwa hatua ya maana kwa mji ambao kwa miaka ulitegemea jenereta za watu binafsi. Lakini kati ya kuwa na umeme na kuwa na umeme usiokatika kuna safari ndefu. Mashine ya nyumbani hula umeme mdogo, mdogo kuliko wa pasi. Shida yake ni kwamba haivumilii kukatika hata kwa dakika 5.

Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kununua mashine kunamaliza kazi. Mgonjwa mmoja aliyetobolewa koo huhitaji mashine 2, ili moja ikiharibika nyingine ishike kazi, betri zilizojaa, mashine ya kufyonza makohozi, mrija wa akiba, na mfuko wa kubana kwa mkono, uliowekwa mahali ambapo hata mtoto wa nyumba anaujua. Zaidi ya yote huhitaji watu waliofundishwa, mchana na usiku. Mrija ukiziba saa 9 za usiku, hakuna muda wa kumpigia simu daktari. Katika nyumba nyingi mzigo huo humwangukia mke na binti mkubwa, ambaye mara huacha shule. Hesabu inayomtaja mgonjwa bila kumtaja binti huyo ni hesabu pungufu.

Wako watakaosema kwamba, ikiwa mambo ni magumu hivyo, basi mgonjwa wa namna hii aachwe. La hasha. Dunia imekwisha kuonyesha kinyume. Mwingereza Stephen Hawking aligunduliwa na ugonjwa huu mwaka 1963 akiwa na miaka 21, akaambiwa muda wake ni mfupi. Mwaka 1985, akiwa Geneva, alipatwa na homa ya mapafu, akawekewa mashine. Madaktari walimwuliza mkewe kama izimwe. Mkewe alikataa. Mgonjwa akarudishwa Cambridge, akatobolewa koo, akapoteza sauti yake moja kwa moja, na tangu hapo akahitaji wauguzi saa zote. Kitabu chake kilichosomwa duniani kote kilitoka mwaka 1988, yaani baada ya hayo. Alifariki tarehe 14 Machi, 2018, akiwa na miaka 76. Ni kweli kwamba ugonjwa wake ulikwenda polepole kuliko kawaida, na si haki kumwahidi kila mgonjwa umri ule. Lakini aliyetaka kuizima mashine mwaka 1985 angekuwa ameizima akili iliyokuwa ingali na kazi.

Nchini Japani, wagonjwa wanaochagua mashine ya kooni ni wengi kuliko Uingereza, kwa sababu huko serikali na jamii hubeba sehemu kubwa ya ulezi. Mwezi Julai mwaka 2019 Yasuhiko Funago, aliyegunduliwa na maradhi haya mwaka 2000 na anayepumua kwa mashine, alichaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la juu la bunge la nchi hiyo. Tofauti ya nchi hizo mbili haikutokana na ugonjwa, maana ugonjwa ni uleule. Uchaguzi wa mgonjwa hufuata anachokiona nyuma yake: akiona watu wa kumshika, hutaka kuishi, akijiona mzigo, husema imetosha, na pengine husema hivyo kwa ajili ya binti yake tu.

Lipo jambo jingine linalowahusu wanajeshi moja kwa moja. Baada ya vita vya Ghuba vya mwaka 1991, uchunguzi nchini Marekani ulionyesha kwamba ugonjwa huu ulionekana zaidi kwa waliotumikia jeshi kuliko kwa wasiotumikia. Sababu yake haijathibitishwa. Lakini serikali ya nchi hiyo haikungoja ithibitishwe. Tangu mwezi Septemba mwaka 2008, mwanajeshi wa zamani aliyetumikia siku 90 mfululizo au zaidi, akipatwa na ugonjwa huu, huhesabiwa kuwa ameupata kwa sababu ya utumishi, naye hupewa haki zake bila kudaiwa ushahidi wa kuutafuta miaka 30 nyuma. Nchi maskini haiwezi kulipa kiasi kile. Lakini kanuni yenyewe haina bei: kwamba anayepaswa kubeba shaka ni taifa, si mgonjwa asiyeweza tena kuinua mkono kutia sahihi.

Ni nini basi kinachowezekana katika mji kama Juba, na katika mtaa kama Malakia?

Kwanza, mifuko ya kubana kwa mkono iwepo katika kila zahanati ya kambi na kila kituo kikubwa cha polisi, pamoja na watu waliofundishwa kuitumia. Mfuko huo hauhitaji umeme. Kwa aliyeumwa na nyoka, huo ndio daraja hadi hospitalini, na askari wanane wanaopokezana wanaweza kumvusha mwenzao usiku mzima.

Pili, mgonjwa wa mishipa ya mwendo apatiwe barakoa ya usiku mahali ambapo umeme wa jua na betri vinaruhusu. Gharama yake na uangalizi wake ni vidogo kuliko vya mrija wa kooni, nayo faida yake imethibitishwa.

Tatu, mazungumzo yafanyike mapema. Mgonjwa aulizwe angali anaweza kujibu kwa kinywa chake: akizidiwa, atobolewe koo, au atunzwe kwa utulivu nyumbani? Jibu lake liandikwe, mkewe alijue, wanawe walijue, daktari alijue. Mashine inayowekwa usiku wa manane katika vurugu, kwa mtu ambaye hakuulizwa, huwaachia jamaa uamuzi mchungu zaidi wa kuiondoa. Na mgonjwa mwenye akili timamu akisema kwamba hataki mrija, huyo hajakimbia vita.

Nne, yule asiyetaka mashine, au asiyeweza kuipata, asiachwe ahangaike. Kukosa pumzi ni hofu kuliko maumivu. Mofini kwa kipimo kidogo hupunguza hofu hiyo. Nchi jirani ya Uganda imekwisha kuonyesha njia: tangu mwaka 1993 huduma ya kuwatunza wagonjwa wasiopona, Hospice Africa Uganda, imekuwa ikifanya kazi Kampala na kuwafikia wagonjwa majumbani mwao kwa mofini ya maji inayonyweka. Tangu mwaka 2016 Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Uanachama huo hauna budi kuonekana pia kando ya kitanda cha mgonjwa.

Tano, na hili halihitaji kibali cha wizara yoyote, kikosi kimkumbuke mtu wake. Wenzake wa zamani wapange zamu. Mmoja aje Jumatatu kumgeuza kitandani, mwingine Jumanne kumpa mkewe nafasi ya kwenda sokoni Konyo Konyo, mwingine ashike usiku wa Ijumaa ili binti alale na kesho aende shule. Mzee asiyeweza kusema huweza kufumba jicho mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana. Askari waliojifunza kusomeana ishara gizani hawatashindwa kuisoma hiyo.

Ndugu wasikilizaji, mitaa ya malakia ilikuwapo kwa sababu askari akimaliza kazi hatoweki. Huendelea kuishi ng'ambo ya ua wa kambi, akisikia tarumbeta la asubuhi lisilomwita tena. Serikali ina wajibu wake katika mashine, umeme na dawa, na wajibu huo usifunikwe na maneno ya kusifu ujirani mwema. Lakini hata siku mashine zitakapotosha, bado mtu mmoja atatakiwa kuketi kando ya kitanda saa 9 za usiku, akiwa macho, akisikiliza kama pumzi inaingia na kutoka. Hilo ni lindo kama malindo mengine. Aliyelipangiwa asilale, na anayempokea asichelewe.